Gamba la Bahari Milimani: Uzamiaji na Kumbukumbu ya Matumbawe katika Gitega na Muyinga

Gitega na Muyinga ni miji ya milimani isiyopakana na ziwa wala bahari, na anayeulizia historia ya uzamiaji huko huonekana amepotea njia. Hata hivyo, mwamba wa matumbawe uliifikia Burundi kabla ya mzamiaji yeyote mwenye mtungi wa hewa. Uliifikia ukiwa pambo. Ikirezi, kito cheupe kilichovaliwa na watu wa hadhi, kilitokana na gamba la konokono wa bahari. Visahani vya namna hiyo, vilivyochongwa kutoka kitako cha gamba la Conus, viliitwa viwangwa huko Unyamwezi. Simbi, yaani kauri, nazo zilisafiri kutoka pwani hadi bara, na nchini Uganda neno ensimbi limebaki kuwa jina la fedha.

Viumbe hawa huishi katika matumbawe na michanga iliyo kando yake, kwenye maji tulivu yanayokingwa na mwamba wa nje. Wengi waliokotwa kwa miguu wakati wa bamvua, maji yalipokupwa na mwamba kuachwa wazi. Waliosalia chini walimhitaji mtu wa kuziba pumzi na kuzama. Haikuwa kazi ya mchezo, kwani baadhi ya konokono wa Conus wana sumu inayoweza kumuua binadamu. Kifaa cha kupumulia cha Jacques Cousteau na Émile Gagnan kilipoundwa mwaka 1943, sarafu za kikoloni zilikuwa zimekwisha kuiondoa simbi sokoni.

Historia ya biashara ya pwani huandikwa kwa kufuata misafara: Bagamoyo, Tabora, Ujiji. Burundi haikai vizuri katika ramani hiyo. Mwami Mwezi Gisabo aliwazuia wafanyabiashara wenye bunduki kutoka Ujiji, akiwemo Mohamed bin Khalfan aliyejulikana kama Rumaliza, na alidumu madarakani hata baada ya Wajerumani kumlazimisha kukubali Mkataba wa Kiganda mwaka 1903. Gamba, basi, liliingia mahali ambapo mwenye msafara hakuingia. Lilipita mkono kwa mkono, kupitia majirani. Kwa sababu hiyo mtafiti hana budi kuacha njia kuu na kwenda mipakani. Muyinga, iliyo upande ambao leo malori ya Dar es Salaam huingia nchini kupitia Kobero, ni mahali pa kukusanya masimulizi ya wazee kabla hayajatoweka. Gitega ilipata kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwaka 1912, na Kiswahili kikapata makao mjini. Lugha ya pwani ilikuja nyuma ya gamba la pwani, tena kwa kuchelewa sana.

Methali ya Kinyarwanda husema kwamba avaaye ikirezi hajui kuwa ni cheupe. Wala hakujua kilitoka wapi. Na aliyekitoa majini hakujua kilikwenda kwa nani. Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, yana nafasi ya kuwakutanisha wawili hao, iwapo maelezo ya kila pambo la gamba yatamtaja mnyama na bahari yake. Suala hili si la makumbusho peke yake. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, hukataza kuokota magamba na matumbawe. Burundi, mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, huhesabiwa kuwa nje ya mjadala huo kwa kukosa pwani, ilhali hamu ya watu wa bara ilikuwa sehemu ya soko lililoigusa miamba hiyo.

Mzamiaji wa mtungi alipofika Burundi hatimaye, mwelekeo uligeuka. Katika miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard alisafirisha kutoka Bujumbura samaki wa mapambo waliokamatwa kwa kuzamia kwenye mawe ya Ziwa Tanganyika, wakaishia katika matangi ya vioo ya Ulaya na Marekani. Mmoja wa samaki wa ziwa hilo alipewa jina lake na Max Poll mwaka 1974: brichardi.