Ripoti za Kampuni na Visima vya Magarini

Ripoti nzito kuliko zote ninazozijua kuhusu kampuni za chumvi za Magarini, pwani ya Kilifi, haikutoka kwa kampuni zenyewe. Ilitolewa mwaka 2006 na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya, baada ya uchunguzi wa hadhara uliofanywa Malindi mwaka uliotangulia. Wakazi wa Gongoni, Marereni na vijiji jirani walieleza jinsi walivyoondolewa kwenye ardhi, mikoko ilivyofyekwa, visima vilivyoingia chumvi na vibarua walivyofanya kazi bila vifaa vya kujikinga. Kampuni nazo zilipewa nafasi ya kujibu. Mtu anaweza kuzozana na matokeo yake, lakini uchunguzi ule ulikuwa na sifa ambayo ripoti nyingi za kampuni hazina: anayedai kudhuriwa alikuwapo, akasema, akasikia akijibiwa. Ripoti ya uwajibikaji isiyotoa nafasi hiyo, kwa maoni yangu, ni tangazo la biashara hata kama hesabu zake ni sahihi.

Tuangalie kisima, maana hapo ndipo mambo hupimika. Chumvi ya pwani hii hutengenezwa kwa jua. Maji ya bahari, yenye gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita, huvutwa kwa pampu hadi kwenye mabwawa mapana, kisha huhamishwa bwawa hadi bwawa huku yakizidi kukolea. Chumvi tunayoila huanza kuganda pale maji yanapobaki kama sehemu moja kwa kumi ya yalivyokuwa. Kwa hiyo msimu wote wa kiangazi, maji makali kuliko ya bahari huwa yametandazwa juu ya ardhi. Penye mchanga, au penye ukingo uliolegea, hujipenyeza hadi kwenye maji ya chini yanayolisha visima. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa kloraidi ikizidi miligramu 250 hivi kwa lita, ulimi huanza kuitambua. Mama anayeteka maji hahitaji maabara kujua kwamba chai imeharibika. Anachokosa ni karatasi yenye kipimo cha mwaka jana na cha mwaka huu, ili asiambiwe tu kwamba ni bahari inayopanda. Na huenda kweli ni bahari; visima vya pwani huingia chumvi pia kwa ukame na kwa kutekwa kupita kiasi. Bila vipimo, hakuna wa kumwamini, si yeye wala meneja.

Je, kipimo hicho kingepatikana katika ripoti za uendelevu za siku hizi? Kwa nadra sana. Soko la Hisa la Nairobi lilitoa mwongozo wa ripoti za mazingira, jamii na utawala Novemba 2021, lakini uliandikiwa kampuni zilizoorodheshwa sokoni, na kampuni za chumvi za Magarini hazimo. Kule Kwale, Base Titanium, iliyochimba madini hadi Desemba 2024, ilikuwa na kampuni mama yenye hisa katika masoko ya Australia na London. Ripoti zake zilifuata hisa hizo. Viwango navyo havisemi lugha moja. Vile vya GRI, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1997, vinauliza kampuni imewafanyia nini watu na mazingira. Vile vya Bodi ya Kimataifa ya Viwango vya Uendelevu, vilivyotolewa Juni 2023, vinauliza ni nini kinachoweza kutikisa fedha za mwekezaji. Hivi vya pili ndivyo ambavyo ICPAK, chama cha wahasibu wa Kenya, imevipangia kuanza kuwa vya lazima mwaka 2027. Kisima cha Gongoni hakitikisi fedha za mwekezaji yeyote. Katika mizani hiyo, hakina uzito.

Pengo hilo hujazwa kwa picha: mkurugenzi akikabidhi madawati, hundi ya basari, tangi la maji. Sina ugomvi na madawati, watoto wa Magarini wanayahitaji. Lakini tangi likiingia kwenye ripoti kama hisani, na kisima kilichofanya tangi lihitajike kisitajwe, hapo msomaji amepotoshwa bila kudanganywa hata neno moja.

Kinachoudhi ni kwamba chombo kipo. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, pamoja na Kanuni za mwaka 2003, inataka ukaguzi wa mazingira ufanywe kila mwaka na taarifa yake iwasilishwe kwa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Kanuni hizohizo, mradi mpya unapotathminiwa, zinadai mikutano isiyopungua mitatu na wananchi, na tangazo la redio kwa lugha rasmi na ya wenyeji. Yaani mradi ukiwa bado kwenye makaratasi, Mgiriama, mwenyeji wa Magarini, huitwa barazani. Ukishakuwa mabwawa, habari zake hubaki kati ya kampuni na ofisi. Ni kweli kwamba Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamruhusu kuomba hati hiyo kwa Kiswahili, ajibiwe ndani ya siku 21, na asaidiwe ikiwa hajui kuandika. Haki nzuri, ila inamtaka aombe kila mwaka hati ambayo huenda hajawahi kuisikia.

Wenye kampuni watasema vipimo vikitolewa hadharani vitazua fitina. Fitina ipo tayari tangu kabla ya 2005, na imenawiri kwa kukosa vipimo. Kila ukaguzi uambatane na kurasa mbili za Kiswahili: chumvi katika visima vinavyotajwa kwa mahali vilipo, mikoko iliyokatwa na iliyopandwa ikashika, idadi ya vibarua na ujira wao wa siku, malalamiko yaliyopokewa na majibu yake. Kurasa hizo zisomwe kwenye baraza la chifu, meneja akiwapo, na maswali yaandikwe. Hilo halihitaji sheria mpya wala mshauri kutoka Nairobi. Ofisi ya NEMA ya Kilifi ianze na faili za Magarini.