Neno "Diploma" na Mzazi wa Kibondo

Neno diploma limefika katika nyanda za juu za Kigoma kwa njia zaidi ya moja, na kila njia imelipa maana yake. Katika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996, Wakongo walikuja na diploma ya Serikali, yaani hati apewayo kijana afaulupo mtihani wa mwisho wa sekondari. Kwetu Tanzania diploma ni stashahada, ngazi iliyo juu ya sekondari na chini ya shahada.

Uko pia mpango wa kimataifa ulioanzishwa Geneva mwaka 1968, ufundishwao hata Moshi: miaka miwili, masomo sita, insha ya utafiti isiyozidi maneno 4,000, na alama za juu kabisa 45. Kazi si haba. Huo nao huitwa diploma. Mzazi wa Kibondo akiambiwa kuwa ni stashahada, ataamini mwanawe amemaliza chuo, kumbe yu sawa na mhitimu wa kidato cha sita. Kosa hilo si la mzazi. Ni letu sisi tuliotafsiri neno kabla ya kutazama ngazi.

Twapendekeza "hati ya sekondari ya kimataifa". Neno cheti tumeliacha, kwani tangu Baraza la Mitihani la Taifa lilipoundwa mwaka 1973 limekwisha kushikamana na mitihani yake.