Nasaba ya Panya Buku na ya Mpingo

Panya buku, achimbaye shimo lake pembezoni mwa mashamba yetu, na mpingo, uotao taratibu katika misitu ya Kilwa na Lindi, waliingia katika madaftari ya wataalamu wa Ulaya kwa mlango mmoja, nao ni Senegambia: mpingo ulipewa jina la kitaalamu na Guillemin na Perrottet katika miaka ya 1830, na panya buku akaandikwa na Waterhouse mwaka 1840, kwa mnyama aliyetoka Gambia.

Mpingo ukabaki na jina lilelile hata leo, katika jamii moja na kunde na mbaazi. Lakini panya buku, ambaye kwa miaka mingi alidhaniwa kuwa spishi moja au mbili tu Afrika nzima, alitengwa upya baada ya wachunguzi kupima mafuvu na vinasaba, na huyu wa Tanzania akarudishiwa jina la ansorgei, lililotolewa na Oldfield Thomas mwaka 1904. La ajabu zaidi ni kwamba hana udugu wa karibu na panya wa majumbani. Baadhi ya jamaa zake wa ukoo wa Nesomyidae wako Bukini.

Ama hali ya usalama wao, hiyo haikufuata nasaba hata kidogo. Katika Orodha Nyekundu ya kimataifa ya hali za viumbe, iliyoasisiwa mwaka 1964, panya buku hahesabiwi miongoni mwa walio hatarini, maana mimba yake ni ya takriban mwezi mmoja, hula karibu kila kitu, na huishi vyema jirani na mkulima. Tena huko Morogoro amefundishwa na shirika la APOPO kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na makohozi ya wenye kifua kikuu, hisani ambayo kwa maoni yangu bado hatujamshukuru ipasavyo. Mpingo, uchukuao zaidi ya miaka 70 kufikia unene wa kuvunwa, na ambao moyo wake mweusi hutakiwa na wachongaji wa Kimakonde na mafundi wa klarineti wa Ulaya, umewekwa daraja la wanaokaribia hatari. Na mataifa yaliyokutana Johannesburg mwaka 2016 yakaamua kwamba biashara ya jenasi yake yote iwe kwa vibali.

Kilwa haikungoja amri hiyo. Mwaka 2009 baadhi ya vijiji vyake vilipata hati ya kimataifa ya uvunaji wa hekima katika misitu vinayoimiliki, na malipo ya magogo huingia katika mfuko wa kijiji chenyewe.