Mungu wa Ziwani Aliyepanda Milima ya Gusii

Kwenye vitabu vya shule Mumbo hupewa mistari miwili: dhehebu la Nyanza, likapigwa marufuku. Basi. Nilipoacha chuo nikawa na muda wa kusoma nilichotaka, ndo nikaona stori iliyoachwa nje.

Ilianza 1913 kule Alego, kwa Waluo. Onyango Dunde alisimulia kwamba nyoka mkubwa alimmeza, kisha akamtema akiwa mzima. Nyoka huyo alikuwa Mumbo, mungu mwenye makao mawili: jua na ziwa. Masharti yake? Nichinjieni ng'ombe, mbuzi na kuku. Msinyoe. Msioge. Vaeni ngozi, achaneni na nguo za kizungu. Wazungu wenyewe watatoweka.

Muda si mrefu habari zikafika Gusii. Sasa jiulize: mungu wa ziwani, tena wa jirani mliyekuwa mkipigana naye, anapataje waumini milimani?

Kwanza, jua halikuwa geni. Abagusii walikuwa wakiliheshimu Erioba kitambo. Pili, walikuwa na nabii wao, Sakawa, aliyetabiri ujio wa wageni. Waumini wa Gusii wakaliunganisha jina lake na la Mumbo. Tatu, vidonda vilikuwa vibichi. Januari 1908, Otenyo, akihimizwa na nabii Moraa, alimchoma mkuki afisa wa serikali, Northcote. Waingereza walijibu kwa mauaji makubwa hivi kwamba Winston Churchill, aliyekuwa wizara ya makoloni London, alilalamika.

Halafu Septemba 1914 Wajerumani wakaingia mji wa Kisii. Waingereza wakaondoka! Kwa siku chache mzungu wa serikali alikuwa ametoweka kweli, na watu wakabeba mali ya maduka na misheni. Waingereza waliporudi, walirudi na adhabu.

Watawala waliwaita wafuasi wa Mumbo wendawazimu na wachafu. Lakini hebu tazama zile alama tena. Misheni ilifundisha sabuni, kaptula na nywele fupi. Hayo ndo yalikuwa mavazi ya utiifu. Kufuga nywele kulikuwa njia ya kusema hapana bila mkuki, baada ya mkuki kushindwa na bunduki.

Na serikali ilielewa vizuri. Mwaka 1921 viongozi wa Mumbo walihamishwa kwa lazima hadi Lamu, na 1954 dhehebu likapigwa marufuku. Hakuna anayesafirisha mwendawazimu umbali wote huo, kutoka milimani hadi baharini, kama maneno yake hayana uzito.