Kazi ya mtafiti wa kampeni za uzushi mtandaoni

UCHUNGUZI wa kampeni za uzushi mtandaoni hutegemea habari zilizo wazi kwa umma: jumbe za mitandao ya kijamii, picha, video, ramani za setilaiti na rekodi za usajili wa tovuti. Mtafiti hadukui akaunti ya mtu wala hanunui siri. Kazi yake ni kukusanya, kulinganisha na kuthibitisha.

Mbali na ukweli wa ujumbe, yeye huchunguza jinsi ulivyosambaa. Akaunti nyingi zikichapisha maneno yale yale kwa dakika chache, nyingine zikiwa zimefunguliwa majuzi, huenda kuna mkono mmoja unaoziongoza. Hata hivyo, dalili si ushahidi, kwani watu wenye maoni sawa pia huandika yanayofanana.

Nchini Kenya, Odanga Madung na Brian Obilo walitoa ripoti Septemba 2021 kwa niaba ya Wakfu wa Mozilla, kuhusu mashambulizi dhidi ya majaji, wanahabari na wanaharakati wakati wa mvutano juu ya Mpango wa Maridhiano (BBI). Walichanganua zaidi ya jumbe 23,000 kutoka akaunti zaidi ya 3,700 za Twitter, ambayo sasa huitwa X. Walibaini kuwa washiriki walipokea maagizo katika vikundi vya WhatsApp, na malipo ya dola 10 hadi 15 kwa kampeni tatu kwa siku. Twitter ilifunga zaidi ya akaunti 100.

Ushahidi wa wazi pia huweza kuthibitisha jambo lililokanushwa. Mnamo Julai 2018, video iliyoonyesha wanajeshi wakiwaua wanawake wawili na watoto wawili iliitwa uzushi na serikali ya Cameroon. Watafiti, wakiwemo wa BBC Africa Eye, walilinganisha milima iliyoonekana na picha za setilaiti, wakatambua eneo karibu na Zelevet, kaskazini mwa nchi. Vivuli viliwasaidia kukadiria kuwa mauaji hayo yalitokea kati ya Machi na Aprili 2015. Septemba 2020, mahakama ya kijeshi iliwafunga wanajeshi wanne miaka 10 kila mmoja na wa tano miaka miwili.

Kwa kuwa jumbe hufutwa, mtafiti huhifadhi nakala mapema na kuandika kila hatua ili mwingine aweze kuirudia. Asipofanya hivyo, anaweza kumpaka tope asiye na hatia, na kuwa mzushi mwenyewe.