Historia ya Kutoboa Ngozi ili Nywele Ziote

Dawa ya kupaka inayotumiwa leo na wenye upara duniani kote ilianza kama kidonge cha presha. Kampuni ya Upjohn ya Kalamazoo, Marekani, ndiyo iliyotengeneza dawa hiyo, minoksidili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, madaktari wa Colorado walioijaribu kwa wagonjwa waliona nywele zikiota mahali pasipotarajiwa, hata nyusoni mwa wanawake. Guinter Kahn, daktari wa ngozi, na mwenzake Paul Grant wakajiuliza: ikiotesha nywele ikimezwa, je, ikipakwa kichwani? Kidonge kiliruhusiwa mwaka 1979, na dawa ya kupaka, kwa jina la Rogaine, mwaka 1988.

Kikwazo kilikuwa ngozi yenyewe. Tabaka lake la juu kabisa lina unene wa mikroni kama 10 hadi 20 tu, lakini kazi yake ni kuzuia vitu visipenye, na ni sehemu ndogo sana ya dawa inayopita. Kuitoboa ngozi ili dawa iingie si wazo geni kwetu. Waganga wamechanja chale na kusugulia dawa tangu enzi za mababu. Huko Marekani, kampuni ya Alza ilipata hataza ya kifaa cha vijisindano vya kupitishia dawa mwaka 1976. Mwaka 1998 wahandisi wa Georgia Tech walionyesha sindano kama hizo zilizochongwa kwa ufundi ule ule unaotumika kutengeneza chipu za kompyuta.

Kirola chenye vijisindano kinachouzwa leo kina ukoo mwingine. Mwaka 1997 madaktari wawili wa Montreal, Camirand na Doucet, waliandika jinsi walivyolainisha makovu kwa mashine ya tatuu isiyo na wino. Jijini Cape Town, daktari wa upasuaji Desmond Fernandes alikuwa akitumia sindano kuichokoza ngozi ijenge kolajeni upya. Hawa hawakuwa wakitafuta njia ya kupitishia dawa. Walichotaka ni jeraha dogo, ili mwili ujitibu wenyewe.

Njia hizo mbili zilikutana Mumbai mwaka 2013, na hapo ndipo ninapoona uzito. Rachita Dhurat na wenzake waliwagawa wanaume 100 makundi mawili. Wote walipaka minoksidili ya asilimia 5 mara mbili kwa siku. Kundi moja likaongezewa kirola cha sindano za milimita 1.5 kila wiki, kikiviringishwa wima, mlalo na mshazari mpaka ngozi iwe nyekundu kidogo. Baada ya wiki 12, katika eneo lililohesabiwa, kundi la kirola lilikuwa limeongeza wastani wa nywele 91.4, lile la dawa peke yake, 22.2.

Lakini waliotobolewa walisubiri saa 24 kabla ya kupaka dawa tena. Dawa haikumiminwa kwenye matundu mabichi, kwa hiyo matundu hayakuwa mlango wa dawa tu. Inaelekea jeraha lenyewe liliamsha mashina ya nywele. Ninasikitika kuona anayejitoboa nyumbani akimimina dawa papo hapo, dawa ambayo kwa asili hushusha presha, au akiazimana kirola na mwenzake, damu kwa damu. Na mwenye ngozi inayoota keloidi ana sababu zaidi ya kumwona daktari kwanza. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilipokiruhusu kifaa cha kutoboa ngozi cha SkinPen mwaka 2018, ilikiruhusu kwa makovu ya chunusi usoni, nywele hazikutajwa.