Mbele ya juri: kwa nini nawafundisha finalisti wa A2 historia ya muganga wa peke yake



Kila mwaka juri ya taifa ikikaribia, finalisti wetu wa A2 wananiuliza swali lile lile: «Prof, batauliza nini mwaka huu?» Wanataka niwapatie maswali ya miaka iliyopita, wayakariri, basi. Maswali nawapatia. Lakini siku ya kwanza ya matayarisho nafundisha historia, na wanakasirika kidogo, kwa sababu historia haina pointi kwa juri.

Sababu yangu ni hii. Mtu anayepita juri yetu anapata diploma ya mwuguzi. Katika nchi nyingi mwuguzi anafanya kazi pembeni ya daktari. Kwetu, nenda kwenye kituo cha afya chochote nje ya mji, utakuta infirmier titulaire, ule tunaita IT, na juu yake pale hakuna mtu. Anapokea mgonjwa, anampima, anaamua ni ugonjwa gani, anaandika dawa, anazalisha, anachagua nani apelekwe hospitali na nani abaki. Eneo lake la afya linaweza kuwa na watu karibu 10 000. Na watu hao hawamwiti mwuguzi, wanamwita muganga. Sasa mtihani unaomfikisha pale ulitoka wapi? Ulitengenezwa kwa ajili ya mtu wa namna gani? Njo hapo historia inaingia.

Tuanze Kasongo, kule Maniema. Mwaka 1905 alikufa pale kijana mmoja daktari Mwingereza, John Everett Dutton, aliyekuja na msafara wa shule ya Liverpool kuchunguza ugonjwa wa usingizi. Aliuawa na homa ya kupe, ugonjwa ambao yeye mwenyewe alikuwa anauchunguza. Ugonjwa wa usingizi ulikuwa unamaliza vijiji, na serikali ya Leopold, kisha ya Ubelgiji tangu 1908, iliogopa. Huruma ilikuwepo labda, lakini kilichowasukuma zaidi ni kwamba wabeba mizigo na wafanyakazi walikuwa wanakufa. Basi zikaanza kazi za kupima watu wengi kwa mara moja: watu wanapangwa mstari, shingo zinapapaswa kutafuta tezi zilizovimba, maji ya uti wa mgongo yanatolewa kwa sindano, yanaangaliwa kwa darubini, kisha sindano za atoksili, dawa iliyowaacha wengine vipofu.

Madaktari Wazungu walikuwa wachache. Nani alipapasa zile shingo zote? Nani alikaa kwenye darubini kutwa nzima? Vijana wa Kikongo waliofundishwa kazini. Mtihani wao ulikuwa mfupi: daktari anachukua kioo chako, anaangalia kama vimelea ulivyoviona viko kweli. (Mtihani mgumu ule. Silabusi ya fotokopi isingekusaidia.) Lakini tuone vizuri ulichokuwa unapima. Ulipima jicho na mkono. Kuamua ilikuwa kazi ya mwingine.

Shule zikaja pole pole. FOMULAC, iliyozaliwa 1926 kwenye Chuo Kikuu cha Louvain, ilijenga Kisantu na huku kwetu Kivu ikajenga Katana. FOREAMI ilianzishwa 1930. Katikati ya miaka ya 1930 zikafunguliwa shule za «assistants médicaux», wasaidizi wa tiba, na hao walikuwa ndio Wakongo waliosoma tiba kuliko wengine wote. Walisoma miaka mingi, lakini sheria iliwaweka chini ya daktari, na daktari alikuwa Mzungu. Lovanium ilifunguliwa 1954 tu. Dekreti ya tarehe 19 Machi 1952 juu ya «art de guérir» iliandikwa katika dunia hiyo: juu kuna daktari, chini kuna mikono.

Tarehe 30 Juni 1960 nchi inapata uhuru. Daktari Mkongo hakuwepo hata mmoja. Siku chache baadaye askari wanaasi, madaktari wengi Wabelgiji wanaondoka. OMS inaleta madaktari wa kigeni, na makumi ya wale wasaidizi wa tiba wanatumwa Ufaransa kumalizia masomo, wanarudi madaktari kamili. Hiyo sehemu inaandikwa vizuri kwenye vitabu, na ni haki. Sehemu isiyoandikwa sana ni ya wale waliobaki. Wauguzi waliofundishwa kushika sindano chini ya jicho la mwingine waliamka asubuhi moja wakakuta jicho limepanda ndege. Wagonjwa walikuwa bado kwenye vitanda. Wakafanya kazi. Tangu ile siku mkono ukawa pia kichwa, na hakuna sheria iliyobadilishwa kusema hivyo.

Sasa Yambuku. Hapa nakaa muda mrefu na finalisti, siku nzima ikibidi.

Yambuku, kaskazini ya Equateur, 1976. Hospitali ya misioni, vitanda 120, wahudumu 17: msaidizi wa tiba mmoja, masista watatu wa Kibelgiji, na wauguzi wetu. Daktari hakuna. Maelfu ya watu wanakuja kwa mwezi, kwa sababu dawa ziko, na kila mtu anataka sindano. Ripoti ya tume iliyokuja baadaye inaeleza kwamba kila asubuhi wauguzi walipewa seringi 5 na sindano zake, kwa kazi ya siku nzima. Kati ya mgonjwa na mgonjwa, seringi inasuuzwa katika maji ya vuguvugu. Kuchemsha, mara nyingine jioni. Ugonjwa ulioingia ulikuwa Ebola, haukuwa na jina bado. Watu 318 waliugua, 280 walikufa. Kati ya wale wahudumu 17, walikufa 11. Hospitali ilifungwa tarehe 30 Septemba, na kule kufungwa kulisaidia sana kukata ugonjwa: sindano zilisimama.

Nikimaliza kueleza, naandika ubaoni swali la namna ya juri: taja hatua za kufanya chombo kiwe safi bila vijidudu. Darasa zima linajibu vizuri. Kisha naandika langu: ni saa mbili asubuhi, uko na seringi 5, nje kuna watu 80 na wote wanataka sindano, utafanya nini? Kimya. Mmoja anasema «nitaita médecin». Médecin hayupo. Mwingine: «nitafunga kituo.» Watakupiga mawe. Pole pole wanafika mahali penyewe: nani kati ya hao 80 anahitaji sindano kweli? Nani anaweza kumeza kidonge? Nitamwambia nini yule mama ambaye ametembea saa nne na anaamini kidonge si dawa? Hilo si swali la usafi peke yake. Ni swali la kuamua, na kuamua hatukumfundisha mtu, tulimkabidhi tu siku ya kwanza ya kazi.

Wengine wananiambia Yambuku ni mambo ya zamani, seringi leo inatupwa baada ya kutumika mara moja. Kikwit, 1995: wagonjwa 315, kati yao karibu 80 walikuwa watu wa afya. Kivu Kaskazini na Ituri, Agosti 2018 mpaka Juni 2020: wagonjwa 3470, watu wa afya 171. Hiyo ya mwisho wengi mutaikumbuka bila mimi kueleza.

Turudi tena Kasongo, kwa sababu jibu la swali langu lilianza kutafutwa kule, miaka mitano mbele ya Yambuku. Mwaka 1971 watu wa shule ya tiba ya Antwerp, pamoja na Wakongo, walianza pale mradi unaojulikana kama Projet Kasongo. Profesa Pierre Mercenier alikuwa mmoja wa wenye mawazo. Swali lao lilikuwa la kawaida kabisa: wilaya kubwa, hospitali moja, madaktari wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, tufanyeje mgonjwa wa kijiji apate matibabu ya maana? Jibu: weka vituo vidogo karibu na watu, kila kimoja kiongozwe na mwuguzi, mpe maandishi yanayomwongoza hatua kwa hatua (kikohozi hiki, angalia hiki, kama ndiyo fanya hivi, kama hapana peleka), na mtu wa hospitali awe anamtembelea kumsaidia kufikiri, si kumkagua kama polisi. Zile karatasi za hatua kwa hatua, tunazoita ordinogramu, hata leo finalisti wanazibeba mfukoni kwenye staji.

Mkutano wa Alma-Ata ulikuja 1978, SANRU ikaanza na Kanisa la Kristo 1981, nchi ikagawanywa katika zone za afya 306, leo ni zaidi ya 500. Mtindo wa mwuguzi anayeongoza kituo ukawa mtindo wa taifa. Mimi naona ni moja ya mambo mazuri ambayo nchi yetu ilionyesha dunia, na tunaringa nayo kidogo sana. Lakini shule na mtihani havikutembea kwa mwendo ule. Kituo kilihama kwenda kijijini, mtihani ukabaki hospitalini: kutandika kitanda na mgonjwa ndani, kuweka sonda, kutaja vifaa vya sahani ya bandeji. Ni vitu vya lazima, sivichezei. Ila ni mtihani wa mtu mwenye daktari kwenye korido.

Mabadiliko yalifika pia kwenye programu. Masomo ya A2 yalielekezwa kwenye uwezo wa kutenda: mwanafunzi anapewa hali ya mgonjwa, anaonyesha atakavyofanya. Kwenye karatasi ni jambo jema sana. Shida ni kwamba shule ziliongezeka kuliko vitanda. Niliwahi kufundisha mahali ambapo finalisti arobaini walizunguka kitanda kimoja, na mgonjwa, papa mmoja mzee, akauliza kama amekufa tayari. Walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu katika wale arobaini, waliomgusa walikuwa watatu. Mzazi ameuza mbuzi, ameuza hata kipande cha shamba, analipa feza ya juri, na mtoto anakwenda kuonyesha kwa mikono kitu ambacho alikiona kwa nyuma ya mabega ya wenzake. Hapo njo biashara ya «maswali yamevuja» inapopata wateja.

Jambo moja la sheria, kwa haraka. Ordre ya madaktari iliundwa 1968. Ya wauguzi, kwa sheria namba 16/015 ya tarehe 15 Julai 2016. Ni miaka 48 katikati. Kwa miaka hiyo yote mwuguzi alibeba kituo bila kuwa na nyumba yake ya kumuuliza «umefanya vizuri?» au ya kumtetea. Sasa diploma haitoshi tena, lazima mtu aandikishwe kwenye Ordre, na mimi naunga mkono, hata kama wengi wanalalamika juu ya feza ya kujiandikisha.

Sasa matayarisho yenyewe, kwa sababu wadogo wengi wananiandikia juu yake. Asubuhi tunafanya kama juri: maandishi, kisha mikono, mmoja mmoja, mimi na saa yangu, na wengine wanasubiri nje. Kama vitanda ni vichache tunagawana zamu mpaka usiku. Mchana tunafanya kituo cha kijiji. Natoa hali moja, mwanafunzi mmoja ni IT, mmoja ni mama wa mtoto, mmoja ni mkuu wa kijiji mwenye haraka. Mtoto wa miezi nane ana kikohozi. Karibu wote wanakimbilia stetoskopu. Nasema weka chini, inua nguo, hesabu pumzi dakika nzima, si nusu dakika mara mbili. Kuanzia miezi miwili mpaka kumi na mbili, pumzi 50 ni haraka. Kuanzia mwaka mmoja mpaka mitano, ni 40. Ananyonya? Anatapika kila kitu? Ameshikwa na degedege? Anaamka ukimwita? Moja tu ya hizo ikiwa mbaya, mtoto anaondoka kwenda hospitali, na unampa dozi ya kwanza kabla hajapanda moto.

Hapo yule anayecheza mama anauliza: «Na kama sina feza ya moto?» Hilo swali silipangi mimi, linakuja lenyewe kila mwaka, na tunabishana juu yake kuliko juu ya pumzi. Mwaka jana mmoja alijibu kwamba IT mzuri anajua, tangu mwezi wake wa kwanza pale kijijini, nani ana moto na nani anakubali kulipwa baadaye, na ameandika namba zao ukutani. Nilimpa pointi zote. Kwa juri zisingehesabiwa.

Naomba kitu kimoja kwenu wakubwa. Kama uko kati ya waliopita juri wakati wa Zaïre, andika hapa chini maswali uliyoulizwa, ya maandishi na ya kitandani, na mahali ulipotumwa kazi kisha. Nakusanya hizo kwa ajili ya darasa la mwaka huu, linaanza baada ya wiki mbili. Na mwenye saa ya mkono yenye mshale wa sekunde ambayo haivai tena, tuko na finalisti thelathini na moja na saa nne tu.